Uzoefu gani unamfanya mtu afae kuhakiki jiokashi mpya?

Wachezaji wa jiokashi, mchezo wa kutafuta visanduku vilivyofichwa na wenzao (kila kisanduku nacho huitwa jiokashi), wakitaka kujua kama mwenzao ana uzoefu, swali la kwanza huwa moja: amepata ngapi? Idadi hiyo iko kando ya jina lake, kila mtu anaiona, na ni rahisi kuilinganisha na ya mwingine. Ndiyo maana wengi hudhani kwamba kazi ya kuhakiki jiokashi mpya hupewa wale wenye namba kubwa kuliko wenzao. Namba ina nafasi yake, lakini uzoefu unaohitajika kwenye kazi hii ni wa aina nyingine. Ili kuuelewa, lazima kwanza tujue mhakiki anafanya nini, na hasa hafanyi nini: haendi mahali penyewe.

Kwa asiyeujua mchezo, mambo ni hivi. Mtu anaficha kisanduku chenye kitabu cha sahihi, anapima koordineti zake kwa GPS, yaani latitudo na longitudo, kisha anaandika ukurasa wa maelezo na kuutuma. Kabla watafutaji hawajauona, ukurasa huo unapita kwa mhakiki, mchezaji wa kujitolea asiyelipwa mshahara. Yeye ndiye anayeuchapisha au kuurudisha ukiwa na maswali. Anafanya hivyo akiwa mezani, pengine mamia ya kilomita kutoka kwenye kisanduku. Hajakigusa, wala hajaona jiwe kilikofichwa. Alichonacho ni ramani, picha za setilaiti, maneno ya aliyeficha, na kumbukumbu ya mambo aliyoyaona yakiharibika.

Kumbukumbu hiyo ndiyo uzoefu ninaouzungumzia. Mhakiki mzuri anausoma ukurasa wa leo na kuliona tatizo litakalotokea baada ya miezi sita.

Mwanzoni hapakuwa na mhakiki yeyote. Mei 2000 serikali ya Marekani iliacha kuyavuruga mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, na mara moja vipokezi vya kawaida vikaanza kuonyesha mahali kwa usahihi mkubwa zaidi. Siku chache tu baadaye, tarehe 3 Mei, Dave Ulmer aliacha ndoo msituni karibu na Beavercreek, Oregon, akatangaza koordineti zake kwenye intaneti ili wengine waifuate. Septemba mwaka huohuo Jeremy Irish alifungua tovuti ya Geocaching.com, wakati jiokashi zinazojulikana duniani zilikuwa 75 tu. Leo zinazofanya kazi ni zaidi ya milioni tatu. Na ndoo ile ya kwanza isingepita kwa mhakiki wa sasa: ilikuwa imefukiwa nusu ardhini, na miongoni mwa vitu vilivyokuwamo ni kopo la maharage. Kuchimba ardhi bila ruhusa ya wazi ya mwenyewe kumekatazwa, na chakula kimekatazwa kwa sababu wanyama hunusa na kutafuna plastiki wakikitafuta. Makatazo yote mawili yalizaliwa na mambo yaliyotokea kweli kwenye maeneo ya watu: mwenye ardhi aliyekuta mashimo kwenye shamba lake, mtafutaji aliyekuta kisanduku kimeraruliwa. Nasema hivi kwa sababu mhakiki anayezijua kanuni kwa kuzikariri tu, bila kujua zilitoka wapi, hukwama mara anapopata ukurasa ambao kanuni hazikuufikiria.

Sasa turudi kwenye idadi. Jimboni Nevada, Marekani, kuna barabara inayoitwa Extraterrestrial Highway. Kando yake viliwekwa visanduku zaidi ya elfu moja, kimoja baada ya kingine, kila baada ya umbali mdogo kabisa unaoruhusiwa. Timu yenye dereva mzuri ilisimama, mmoja akashuka, akapata kikopo chini ya rundo la mawe, akapiga muhuri, wakaendelea. Wapo waliopita visanduku elfu ndani ya saa 24. Sina neno na mchezo wa namna hiyo. Una raha yake na unahitaji nguvu. Lakini mtu aliyepata elfu moja kwa mtindo huo ameona maficho ya aina moja mara elfu moja. Mwingine mwenye mia tatu huenda ametafuta mjini na mlimani, kwenye theluji na kwenye matope, amesimama mbele ya ua wa mtu akajiuliza kama kweli anaruhusiwa kuingia, amefumbua mafumbo yaliyomchukua wiki, na amerudi mikono mitupu mara nyingi. Huyu wa pili ana cha kumpa mhakiki ndani yake.

Kurudi mikono mitupu kunafundisha kuliko watu wanavyodhani. Anayekosa kisanduku hujifunza jinsi koordineti mbovu zinavyowafanya watu wakanyage bustani nzima wakitafuta. Huona vijia vilivyochimbika kuuzunguka mti mmoja. Huona matofali yaliyong'olewa ukutani na watu waliodhani kuna kitu nyuma yake. Baadaye, akisoma ukurasa unaosema kisanduku kimo ndani ya ukuta wa mawe, picha hizo humrudia bila kuitwa.

Kinachozidi kutafuta ni kumiliki. Mtu ambaye hajawahi kuficha jiokashi zake mwenyewe, akazitunza kwa miaka, hana budi asubiri kwanza. Kuficha ni kazi ya alasiri moja, kutunza hakuishi. Maji huingia hata kwenye kisanduku kilichouzwa kama hakipitishi maji, kwa sababu mtafutaji wa kumi amefunga kifuniko huku kipande cha karatasi kimebanwa ukingoni. Kitabu cha sahihi hugeuka uji. Sumaku hushika kutu. Mti huanguka, daraja hukarabatiwa, mlinzi mpya huajiriwa ambaye hajui chochote kuhusu ruhusa aliyoitoa mwenzake. Aliyeyapitia haya huuliza swali ambalo mgeni halimjii: nani atakwenda kukirekebisha, na atafikaje?

Hapo ndipo kanuni ya jiokashi za likizo inapoeleweka. Mtu yuko safarini nchi ya mbali, amependa kilima fulani, anaacha kikopo na kutuma ukurasa akiwa uwanja wa ndege. Mhakiki atamwomba mpango wa matunzo: mwenyeji anayekubali kukiangalia, aandikwe kwa jina lake la mchezo, na mhakiki ajiridhishe kwamba amekubali kweli. Mgeni huona huo ni urasimu. Aliyewahi kuona kikopo kilichopasuka kikikaa kwenye nyasi mwaka mzima kwa sababu mwenyewe yuko bara jingine hahitaji kuelezwa.

Nije kwenye ufundi wenyewe, kwa kuwa uzoefu mwingi umo humo na watu wa nje hawauoni.

Koordineti za jiokashi huandikwa kwa digrii na dakika zenye desimali, kwa mfano kaskazini 45° 17.460. Tarakimu ya tatu baada ya nukta ni kama mita 1.85 kwa upande wa latitudo. Simu na ramani nyingi, hata hivyo, hutoa digrii, dakika na sekunde. Mgeni anasoma kwenye kifaa chake 45° 17' 46", anaona nafasi zinafanana, anaandika 17.460. Lakini sekunde 46 ni dakika 0.767. Kwa kosa hilo dogo amekihamisha kisanduku karibu mita 570. Mhakiki asiye na mazoea ataona alama imeangukia msituni, na msitu ni mahali pa kawaida pa kuficha, basi atachapisha. Mwenye mazoea atasoma maelezo pamoja na ramani. Ukurasa unasema kuna benchi lenye mandhari ya mto, na alama iko upande wa pili wa kilima ambako mto hauonekani. Unasema ni mwendo wa dakika tano kutoka maegesho, na maegesho yako kilomita mbili. Au tarakimu mbili za kwanza baada ya nukta hazivuki 59 kwenye vituo vyote vitatu vya ukurasa uleule, jambo ambalo haliwi kwa bahati ila kwa nadra. Atauliza kabla hajagusa kitufe: je, ulipima kwa sekunde?

Swali hilo moja huokoa asubuhi nzima ya watu. Jiokashi mpya inapochapishwa, kuna wachezaji wanaokimbia wawe wa kwanza kuipata, wengine usiku wa manane wakiwa na tochi. Kuwatuma watu hao mita 570 kando ni kuwatuma kwenye uzio wa mtu aliyelala.

Halafu kuna mita 161. Huo ni umbali wa moja ya kumi ya maili, na ndio mdogo unaoruhusiwa kati ya kitu kimoja kilichofichwa na kingine cha jiokashi tofauti. Kwa jiokashi ya kawaida hesabu ni nyepesi, maana alama zote ziko kwenye ramani ya wazi. Ugumu uko kwenye zisizoonekana. Jiokashi ya fumbo huonyesha alama ya uongo. Kisanduku chenyewe kiko penginepo, kwa kawaida ndani ya kilomita 3.2, na hakuna anayejua ni wapi isipokuwa mwenyewe, waliolifumbua, na wahakiki. Jiokashi ya hatua nyingi nayo ina vituo vya katikati ambavyo ramani ya umma haivionyeshi. Kwa hiyo mtu anaweza kupata bustani anayoiona tupu, akaficha kwa uangalifu, akaandika ukurasa mzuri, akajibiwa kwamba amekaribia kitu kingine mno. Kitu gani? Mhakiki hawezi kusema.

Mazungumzo haya, nadhani, ndiyo yanayompima mhakiki kuliko mengine yote. Aliyekataliwa amechoka na ana haki ya kuchoka. Anauliza asogee wapi. Ukimwambia sogea mita 70 kaskazini, umemweleza kwamba fumbo la jirani liko kusini yake na umbali wake unaweza kukadiriwa. Ukimwambia jaribu tena bila kumpa chochote, atajaribu mara tano na kuacha mchezo. Na si kila anayeuliza ni mkweli. Jibu la hapana lina habari ndani yake: linasema kuna kisanduku ndani ya mduara wenye nusu kipenyo cha mita 161 kutoka hapa. Mtu akiuliza kuhusu sehemu tatu zilizopangwa vizuri, akachora miduara mitatu, mahali inapokutana panakuwa padogo kiasi cha kutafutika kwa miguu. Fumbo ambalo mwenzake alilitunga kwa mwezi mzima limeisha bila kufumbuliwa.

Mhakiki aliyekomaa hutambua mwelekeo wa maswali. Mtu anayetaka kuficha huwa na sababu ya pale: mti wenye shimo, mnara wa zamani, kona yenye kivuli. Akikataliwa, huhamia kwenye kitu kingine chenye sababu. Anayevua siri huhama kwa hatua sawa kwenye nyasi tupu. Kwa wa kwanza mhakiki atatafuta njia: atamwambia upande mzima wa magharibi wa bustani uko huru, jambo linalosaidia bila kufichua, au atamshauri ajaribu kulifumbua fumbo fulani la karibu, au atamwuliza kama kituo chake kinaweza kuwa cha kusoma kibao kilichopo tayari badala ya kisanduku, kwa kuwa umbali ule unahusu vitu vilivyowekwa na mchezaji tu. Kwa wa pili atajibu kwa adabu na kwa ufupi. Sijui mwongozo unaoweza kumfundisha mtu kutofautisha wawili hao kwa kusoma. Hufundishwa na kukaa miaka kwenye jamii ya wachezaji, kuwajua watu, na kujua mafumbo yanavyovuja.

Ardhi ni somo jingine, na hapa uzoefu wa nchi moja hauvuki mpaka kirahisi. Uingereza wahakiki hawapokei kisanduku kilichowekwa kwenye ukuta wa mawe yasiyounganishwa kwa saruji, kwa sababu watafutaji wakianza kulegeza mawe ukuta unabomoka, na kuta hizo zina wenyewe. Ujerumani sheria ya uhifadhi inazuia watu kuingia kwenye mapango na mashimo ya migodi yanayotumiwa na popo kujificha baridi, kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 31 Machi. Jiokashi za huko husimamishwa kipindi hicho. Kwenye hifadhi za taifa za Marekani visanduku havikubaliwi kiholela, na mamlaka ya kila eneo ndiyo yenye kauli. Shule, reli, kambi za jeshi na viwanja vya ndege vina tahadhari zake karibu kila nchi, ila umbali na masharti hutofautiana. Ndiyo sababu mhakiki hupewa eneo lake, lenye lugha anayoisoma na sheria anazozijua. Mtu mwenye jiokashi elfu kumi alizozipata katika nchi thelathini bado anaweza asijue kwamba msitu fulani wa kwao una kipindi cha ndege kutaga.

Kuna tukio moja la mji wa Wetherby, Uingereza, mwaka 2011, ambalo kila anayehakiki anapaswa kulijua. Kisanduku kidogo cha plastiki kilikuwa kimefichwa nje ya mkahawa katikati ya mji. Mtu alimwona mwingine akikihangaikia kwa namna ya kutia shaka, akaita polisi. Mitaa ikafungwa, watu wakaondolewa, na wataalamu wa jeshi wa kutegua mabomu wakakilipua. Hakikuwa na kitu zaidi ya vitu vya mchezo. Mchezaji akiiangalia picha ya mahali kama pale ataona maficho mazuri: watu wengi, macho mengi, ujanja mwingi unahitajika. Mhakiki anatakiwa aitazame kwa jicho la mhudumu wa mkahawa asiyeujua mchezo, anayemwona mtu akiinama chini ya sanduku la maua, akiangalia kulia na kushoto, akiingiza mkono. Uwezo wa kusimama upande wa asiyecheza ni sehemu kubwa ya uzoefu, na ninaona ni sehemu inayosahaulika mno kwa sababu haina namba. Mhakiki atauliza: mkahawa unajua? Kisanduku kimeandikwa kwa nje ni nini? Ni cha kuonekana ndani, au ni bomba la chuma lililofungwa pande zote mbili?

Ruhusa yenyewe huwa ni neno tu la aliyeficha. Anapotuma ukurasa anathibitisha kwamba ameipata pale inapohitajika, na mara nyingi mhakiki hana njia ya kukagua kila dai. Hapo tena anasoma alama ndogo. "Nina ruhusa" peke yake ni hafifu. "Nimeongea na msimamizi wa bustani, amesema tusiweke upande wa chemchemi" ni sentensi ya mtu aliyeongea na mtu kweli.

Nimesema mengi kuhusu yanayoangaliwa. Sasa yasiyoangaliwa, na hapa wahakiki wapya hujikwaa mara kwa mara, hasa wale wanaoupenda mchezo kwa moyo wote. Mhakiki hapimi uzuri. Kikopo cha kawaida nyuma ya nguzo ya barabara, bila mandhari na bila hadithi, kikitimiza kanuni kinachapishwa. Aliyekuwa akilalamika miaka yote kuhusu visanduku vya namna hiyo atajikuta anavichapisha kwa mkono wake mwenyewe, na asipoweza kuvumilia hilo kazi hii haimfai.

Mchezo ulishajaribu njia nyingine. Zamani palikuwa na jiokashi zisizo na kisanduku, ambapo mtu hufika mahali na kujibu swali kuhusu anachokiona. Zilipozidi, wahakiki waliagizwa wapitishe zile tu zenye cha kustaajabisha. Kipimo hicho kikawa chanzo cha ugomvi usiokwisha, kwa sababu kinachomstaajabisha mmoja ni kibao cha kawaida kwa mwingine, na kila aliyekataliwa aliona amehukumiwa ladha yake. Mwaka 2005 aina hiyo ikafungwa kwa wapya, na iliporudi mwaka 2017 ilirudi kwa njia ya kuwachagulia wachache nafasi ya kuunda moja, huku mhakiki akiwa ameondolewa mzigo wa kuamua kipi kinashangaza. Kwa maoni yangu uamuzi ulikuwa sahihi. Mhakiki akishaanza kuhukumu uzuri, wachezaji huanza kumwandikia yeye badala ya kuwaandikia watafutaji.

Hapimi pia usalama wa safari, ingawa hili linahitaji uangalifu zaidi kulisema. Kiwango cha ugumu wa kutafuta na cha ugumu wa ardhi, vyote kuanzia 1 hadi 5 kwa hatua za nusu, huwekwa na aliyeficha. Kuchapishwa kwa jiokashi hakumaanishi kwamba mtu amekagua mwamba au mtaro. Juni 2018, mjini Prague, watafutaji waliokuwa ndani ya mfereji wa chini ya ardhi walishikwa na mafuriko ya mvua ya ghafla, na wengine wao walikufa. Mchezaji mwenyewe ndiye anayeamua kuingia au kugeuka, na kanuni zinasema hivyo waziwazi. Hata hivyo mhakiki mzoefu hasemi tu kwamba si kazi yake akanyamaza. Akiona ukurasa wa mfereji hauna neno lolote kuhusu mvua, au mahali pa kamba pameandikwa ugumu wa ardhi 2, atamwambia aliyeficha. Kumshauri mtu hakuhitaji kanuni.

Namna ya kuongea inastahili nafasi yake. Wahakiki hulenga kujibu ndani ya siku saba, na jibu la kwanza analolipata mchezaji mpya mara nyingi ndilo mawasiliano yake ya kwanza kabisa na mtu yeyote wa mchezo huu. Alificha kisanduku na watoto wake Jumamosi. Jumatatu anapata ujumbe. Ukiwa umeandikwa "Imekataliwa, angalia kanuni", atakwenda kukiondoa na hataonekana tena, au atakiacha kioze. Ukimweleza tatizo ni lipi, lilizaliwa na nini, na hatua gani mbili zitalimaliza, mara nyingi hurudi na ukurasa bora kuliko ule wa kwanza. Kuna wale watakaotukana hata hivyo. Mhakiki hawezi kuwajibu kwa hasira kwa sababu kila neno lake linasomwa kama neno la mchezo mzima, na asiyeridhika ana njia ya kukata rufaa kwa makao makuu yaliyoko Seattle, ambako mazungumzo yote yatasomwa na watu wasiomjua yeyote kati yao.

Mfano wa upole wenye msimamo ni matangazo. Ukurasa wa jiokashi hauruhusiwi kuuza bidhaa, kuhubiri dini wala kupigia debe chama au hata harambee. Wanaoandika ujumbe wa namna hiyo mara nyingi wana nia njema: mtu anataka kisanduku chake kiwakumbushe watu kuchangia wagonjwa. Kumwambia hapana kunahitaji moyo. Mhakiki mchanga huona haya akaruhusu moja, na wiki inayofuata anaulizwa kwa nini kile kilipita na hiki hakipiti. Mkomavu humwonyesha aliyeandika jinsi ya kuhifadhi kumbukumbu ya mgonjwa wake bila kuomba chochote kwa msomaji, na hutumia kipimo hichohicho kwa rafiki yake wa karibu.

Kazi haiishi kwenye kuchapisha. Mhakiki wa eneo huona pia jiokashi zinazokufa: ripoti za kutopatikana zikirundikana, mwenyewe kimya. Huisimamisha, humwandikia mwenyewe, humpa muda, kwa kawaida kama wiki nne, kisha huifunga na kuiweka kwenye kumbukumbu ili nafasi ile ipate mtu mwingine. Hapa ndipo miaka yake ya kutunza visanduku vyake inaponena. Anajua tofauti ya mwenyewe aliyeugua na anahitaji msimu mmoja zaidi, na yule aliyeacha kujibu tangu miaka miwili iliyopita.

Basi mtu hufikaje huko? Haombi kazi. Makao makuu hualika, mara nyingi kwa pendekezo la wahakiki waliopo wanaolijua eneo na wachezaji wake. Wanamtafuta mtu ambaye kurasa zake mwenyewe zilikuwa safi, ambaye visanduku vyake hupata matengenezo bila kukumbushwa, ambaye akitofautiana na wenzake kwenye mikutano huongea kwa utulivu, na mwenye muda wa kutosha kila wiki, jambo dogo linaloshinda sifa nyingi kubwa. Mwanzoni anafanya kazi akiwa na mwenzake aliyetangulia, akimwuliza kila anapokwama. Aliyekuwa na majibu yote tangu wiki ya kwanza huwatia wasiwasi wenzake kuliko anayeuliza.

Na akishaipata kazi, bado anaficha visanduku vyake kama mchezaji mwingine yeyote. Ila havichapishi yeye. Ukurasa wake unakwenda kwa mhakiki mwingine, ambaye naye atafungua ramani, atapima mita 161, na atamwuliza kama msimamizi wa bustani anajua.